Masomo ya Sayansi kwa Mtandao: Mwanafunzi Ajulikane kwa Jina

Siku hizi mtu akitaka kujifunza fizikia, kemia au elimu ya viumbe, halazimiki kupanda basi la Kampala. Akiwa na simu na data kidogo aweza kukaa Koboko chini ya mwembe, akamsikiliza mwalimu aliye Nairobi au Boston. Hii ni neema kubwa, wala mwenye akili hawezi kuidharau. Lakini wengi wetu twaijua pia habari yake ya pili. Mwanafunzi huanza somo la mtandao kwa furaha, hulifuata majuma mawili, kisha hunyamaza. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwuliza amekwenda wapi.

Katika makala hii nataka kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na ni namna gani masomo haya yaweza kufanywa yawe na ukarimu, ili mgeni akifika akaribishwe, na akipotea atafutwe.

Tuliyoyaona mwaka 2020 hadi 2022

Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Madarasa mengine yalirudi kwa zamu, shule zikafungwa tena Juni 2021, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 walipatwa na jambo hilo, na hapakuwa na nchi duniani iliyofunga shule zake muda mrefu kuliko yetu. Kundi letu lilikuwa limeingia S.1 mwezi Februari ule ule wa 2020, tukiwa wa kwanza kufuata mtaala mpya wa sekondari. Hata muhula wa kwanza haukwisha.

Serikali ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa karatasi za kujisomea nyumbani. Shule zilizojiweza zilifundisha kwa mtandao. Huku kwetu West Nile wakati ule hatukuwa tumeunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wetu ulitoka katika mtambo wa Nyagak huko Zombo na katika majenereta, na ulikatika mara kwa mara. Basi watu wengi husema kwamba masomo ya mtandao yalitushinda kwa sababu ya umeme na data. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kati ya rafiki zangu niliowajua, wa Arua na wa Koboko, walioendelea kusoma hawakuwa wale wenye simu nzuri tu. Wengi wao walikuwa na mtu mmoja wa kumwuliza: kaka aliye chuoni, jirani aliye mwalimu, au shangazi mwuguzi aliyekumbuka kemia yake. Na baadhi ya wenye simu nzuri, ambao hawakuwa na mtu wa kumwuliza, waliacha. Shule zilipofunguliwa viti vingine vilibaki vitupu. Kuna waliokuwa wakiendesha bodaboda, waliokuwa wakichukua bidhaa sokoni Ariwara ng'ambo ya mpaka, na wasichana waliokuwa wameshika watoto wao. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini yatupasa sisi tuongeze swali: amwulize nani?

Umbali ni wa namna mbili

Watu hudhani kwamba umbali wa masomo haya ni wa maili. Kumbe uko umbali mwingine ulio mkubwa zaidi, nao ni kimya. Mwanafunzi aliye Lobule aweza kuwa karibu na mwalimu aliye London, ikiwa akiuliza anajibiwa. Na mwanafunzi aliyekaa katika darasa la watu 120 aweza kuwa mbali na mwalimu aliye mbele yake, ikiwa mwalimu huyo hajui hata jina lake.

Kimya hiki huumiza sayansi kuliko masomo mengine, kwa sababu tatu. Ya kwanza, sayansi hujengwa kama nyumba ya matofali. Katika historia, aliyekosa sura moja aweza kusoma inayofuata akafahamu. Lakini katika kemia, asiyeelewa moli hataelewa ukali wa mchanganyiko, wala hesabu za asidi na besi. Kosa dogo la juma la pili humfungia mlango juma la tano, naye hajui ni wapi alipokosea. Ya pili, sayansi yataka mikono. Kumtazama mwingine akifanya jaribio katika video ni kama kumtazama mwingine akila. Ya tatu, wengi wameambiwa tangu utoto kwamba sayansi ni ya wenye vichwa vikubwa, hasa wavulana. Mtu wa namna hiyo akishindwa mara moja peke yake usiku, hasemi, "Somo hili halikuelezwa vizuri." Husema, "Kumbe walisema kweli juu yangu," akaizima simu.

Tena mifano ya masomo mengi hutoka mbali. Mwalimu wa ng'ambo akieleza msuguano hutaja gari linaloteleza barabarani juu ya barafu. Hapa hakuna aliyeona jambo hilo. Lakini kila mtu amemwona mwendesha bodaboda akihangaika katika tope jekundu baada ya mvua. Sayansi ni ile ile. Lakini katika mfano wa kwanza mwanafunzi ni mgeni, na katika wa pili ni mwenyeji.

Waliotutangulia

Kufundisha watu walio mbali si jambo jipya. Mwaka 1840 huko Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa posta. Aliwapelekea wanafunzi kadi, wao wakaandika zoezi na kulirudisha, naye akalisahihisha akawarudishia. Angalia vizuri: nguvu ya somo lile ilikuwa katika kadi iliyorudi, yenye alama ya kalamu ya mwalimu.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliundwa mwaka 1969, kikaanza kufundisha mwaka 1971. Wanafunzi wake wa sayansi walipelekewa nyumbani sanduku la vyombo vya majaribio, pamoja na hadubini ndogo. Tena kila mmoja alikuwa na mwalimu wake wa kusahihisha kazi na kumwandikia maneno ya kumsaidia. Tanzania nayo ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 1992.

Katika Afrika Mashariki somo kubwa latoka kwa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na makao yake yakawa Nairobi. Mwanzoni masomo yake yalikuja kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo. Baadaye wahadhiri wa Afrika wenyewe waliandika masomo ya hesabu, fizikia, kemia na elimu ya viumbe kwa ajili ya kuwafunza walimu wa nchi kumi, Uganda ikiwa mojawapo. Walioandika walikuwa wakiwajua watakaosoma. Huko Dadaab, Kenya, tangu mwaka 2013 vyuo vya Kenya na vya Kanada viliwafundisha walimu wakimbizi, sehemu kwa mtandao na sehemu ana kwa ana. Kulijengwa kituo chenye kompyuta, mahali pa kukutana na wenzao.

Na Khan Academy, ambayo leo yajulikana dunia nzima, ilianzaje? Mwaka 2004 Salman Khan alikuwa akimsaidia hesabu binamu yake aliyekaa mji mwingine. Somo lile lilianza kwa mtu mmoja kumjali mtoto mmoja wa ukoo wake. Teknolojia ilikuja nyuma.

Mambo ya kufanya

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nayataja mambo sita, na hakuna hata moja linalohitaji mali nyingi.

Kwanza, mwalimu awajue watu wake. Katika juma la kwanza asianze na somo. Aulize: Waitwaje, nasi tukuiteje? Uko wapi? Watumia simu yako au ya mzazi? Ni saa ngapi waweza kusoma? Ni jambo gani la sayansi lililokushangaza nyumbani kwenu? Majibu haya ayaandike daftarini na kuyatumia. Akijua kwamba msichana fulani hupata simu baada ya kuosha vyombo saa tatu usiku, hatapanga mtihani wa saa kumi na moja jioni. Naye mwalimu ajieleze: atoka wapi, na ni somo gani lililomtesa alipokuwa mwanafunzi. Mwanafunzi akisikia kwamba mwalimu naye aliwahi kushindwa na moli, hofu hupungua nusu.

Pili, swali lipate jibu kwa wakati unaojulikana. Si lazima jibu lije mara moja. Mwalimu akisema, "Nitajibu Jumatano na Jumamosi jioni," na kweli akafanya hivyo, mwanafunzi atangoja kwa subira. Kinachoua moyo ni kutojua kama kuna mtu upande wa pili. Na jibu liwe la kujenga: litaje kilicho sawa, lionyeshe mahali kosa lilipoanza, litoe hatua moja ya kufuata. Neno "Umekosa" peke yake halifundishi kitu. Wala alama za watu zisitangazwe mbele ya kundi zima, kwa maana aliyeaibishwa kwa mtandao ni rahisi kwake kutoweka.

Tatu, majaribio yatoke nyumbani. Hapa ndipo utajiri ulipo, nami nitakaa kidogo.

Chukua kipande cha muhogo mbichi, tia tone la dawa ya iodini ya kuoshea vidonda. Rangi ya kahawia yageuka kuwa ya buluu iliyokoza kama nyeusi. Hiyo ndiyo alama ya wanga. Fanya hivyo kwa wali, kwa yai na kwa ndizi mbichi, kisha uandike tofauti. Chemsha maua makavu ya rosela, ambayo Wanubi na ndugu zetu wa Sudan Kusini huyaita karkadee. Maji yake mekundu ukiyatia ndimu huzidi wekundu. Ukiyatia maji ya jivu yaliyochujwa hubadilika kuelekea buluu au kijani. Umekwisha kupima asidi na besi bila maabara, na mama amekuazima kikombe tu.

Sasa tuone jaribio litakalounganisha kundi zima. Funga jiwe dogo kwa uzi, utundike mahali palipo imara. Urefu uwe mita moja, kuanzia pale uzi ulipofungwa juu hadi katikati ya jiwe. Livute kando kidogo, uliachie, uhesabu mizunguko kumi ya kwenda na kurudi. Saa ya simu yoyote, hata ile ya tochi, itaonyesha sekunde kama 20; yaani mzunguko mmoja ni sekunde 2. Chukua 4, zidisha kwa pai ya mraba, ambayo ni kama 9.87, zidisha kwa urefu wa mita 1, kisha gawanya kwa mraba wa sekunde 2, ambao ni 4. Wapata 9.87. Kitabu chasema mvutano wa dunia ni kama mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa uzi na jiwe, mtoto wa Koboko ameipima dunia!

Mwalimu na atengeneze jedwali moja, kila mwanafunzi awe na mstari wake, wenye jina lake na mahali alipo: Arua, Koboko, Yumbe, Maracha. Tuseme mmoja aleta sekunde 23. Mwalimu asiyejali atamwandikia, "Si sahihi." Mwalimu mkarimu atamwuliza, "Uzi uliupima kutoka wapi hadi wapi?" Kwa maana uzi wa mita 1.3 hutoa sekunde 23 hasa, na pengine mtoto huyo hakukosea kuhesabu hata kidogo. Kundi zima litajifunza jambo kutokana na mstari wake, naye ataona kwamba yeye ni mmoja wa wapimaji.

Hata kimo cha nchi yetu ni somo. Arua iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka hapa karibu na digrii 96, ilhali Mombasa huchemka kwa 100. Mwenye kipimajoto huku na mwenye kipimajoto kule wakipelekeana hesabu zao, watafahamu kanieneo ya hewa kuliko kwa kusoma kurasa kumi.

Nne, somo liwe jepesi kwa mfuko. Tangu tarehe 1 Julai 2021 ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Video ya saa moja yaweza kula mamia ya megabaiti. Sauti ya dakika moja iliyorekodiwa kwa simu haifiki megabaiti moja, na ukurasa wa maandishi ni mdogo kuliko huo mara nyingi. Basi mwalimu atumie maandishi, picha ndogo na sauti yake mwenyewe. Sauti ina faida ya pili: mwanafunzi husikia mtu. Yako pia majaribio ya kuigiza yaitwayo PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mengi yaweza kupakuliwa mara moja katika kompyuta ya shule, yakatumika bila mtandao, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Tano, makundi yawe madogo na lugha iwe huru. Watu watano au sita wakiwekwa pamoja hujuana. Watu 200 katika kundi moja la WhatsApp hupigiana kelele. Mtihani ni wa Kiingereza, na hatuna budi kukijua. Lakini katika kuelezana, mtu aruhusiwe kusema kwa Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa mpaka jambo limwingie, kisha alirudie kwa Kiingereza. Aliyeelewa kitu kwa lugha ya nyumbani hakikariri tena kama kasuku.

Sita, anayenyamaza atafutwe. Kila juma mwalimu au kiongozi wa kundi atazame ni nani asiyeonekana, ampelekee ujumbe mfupi: "Hatukukuona juma hili. U mzima? Tumefika sura ya nne. Ukirudi tutaanza nawe pale ulipoachia." Ujumbe huo ni maneno machache tu, lakini ni yale ambayo wengi hawakuyapata mwaka 2020.

Maswali ya wenye shaka

Wako watakaosema, "Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi 200 hawezi kumjua kila mtu." Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii igawanywe. Kila kundi dogo liwe na kiongozi wa darasa la juu, na mwalimu ashughulike na yale yaliyowashinda viongozi.

Wengine watasema kwamba ukaribu wa simu una hatari, hasa kwa wasichana. Nao wasema kweli. Kwa hiyo mazungumzo ya somo yafanyike katika kundi, pasiwe na ujumbe wa siri wa usiku kati ya mwalimu na mwanafunzi, na nambari za watu zisitolewe ovyo. Ukarimu wa kweli una adabu na mipaka, kama sebule ya mtu mstaarabu: mlango wazi na taa inawaka.

Tena wako wanaosema kwamba programu za akili bandia zitamaliza haja hii, maana hujibu hata saa sita za usiku. Zaweza kusaidia, ingawa mara nyingine hutoa jibu la uongo kwa maneno matamu. Lakini hakuna programu itakayouliza kwa nini kiti chako kimekuwa kitupu tangu baba alipougua, kisha ikaja kuketi nawe.

Neno kwa waliotutangulia

Nawageukia ninyi wakubwa zetu mliomaliza hapa, mlio Makerere, Kyambogo, Chuo Kikuu cha Muni, au makazini. Shule nyingi haziruhusu simu mabwenini, na ni vema. Lakini likizo ni ndefu, na maswali yetu hayaendi likizo. Hatuwaombi fedha. Kila mmoja wenu aliyesoma sayansi na achukue wanafunzi watano wa likizo moja, awajue majina, awajibu mara mbili kwa juma, na awatafute wakinyamaza. Wakijitokeza ishirini tu kati yenu, wanafunzi 100 watakuwa na mtu wa kumwuliza.

Nanyi wenzangu wa madarasa ya chini, msingoje mitambo mikubwa. Jiwe mnalo, uzi mnao, na muhogo uko jikoni. Anzeni kupima, mwandike mlichokiona, na mkishindwa ulizeni. Sisi wa S.6 twawaahidi kwamba likizo ijayo atakayeuliza atapata jibu.